Kufuli, Nakala na Daftari: Maneno kwa Wafanyakazi Wanaotunza Seva

(Haya ni maneno ya mwanachama wetu, mfanyakazi wa reli, aliyoyasema mbele ya wafanyakazi waliokutana Burat, Isiolo. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimekuja nyumbani kwa likizo, na Katibu aliposikia nipo akasema sitaila likizo yangu bure, sharti niseme neno. Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, nikaanza kazi ya reli kwa kupakia kokoto za kutandika chini ya mataruma. Baadaye niliwekwa kuwasaidia mafundi wa nyaya na ishara, na huko ndiko nilikojifunza habari hizi za kompyuta, kidogo kidogo, kwa kuuliza.

Najua wengine mtasema, Isiolo hakuna reli, na huyu atuletea mambo ya reli. Ni kweli. Mpango wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwaka 2012 ulitaja reli ya kufika hapa, lakini mpaka leo reli iliyo karibu nasi ni ile ya Nanyuki, iliyokarabatiwa ikaanza tena kubeba abiria mwaka 2020. Lakini mashine nitakazozisema leo hazingoji reli. Zimo katika ofisi za kaunti, hospitali, benki na viwanja vya ndege. Na wanaokaa nazo usiku ni watu kama ninyi: karani wa zamu, fundi wa umeme, askari wa mlangoni, mama anayefagia chumba. Likitokea kosa, wa kwanza kuulizwa ni hao. Ndiyo maana nimeona yafaa tuzungumze.

Kwanza niwaambie mashine yenyewe. Seva ni kompyuta kubwa inayofanya kazi ya watu wengi kwa wakati mmoja, kama vile kuuza tiketi au kutunza mishahara. Hailali. Sasa, ndani ya seva, juu ya ubao wake, mna kompyuta nyingine ndogo sana ambayo watu wengi hawaijui. Mafundi huiita kidhibiti. Kina ubongo wake, kumbukumbu yake, na mara nyingi tundu lake la waya wa mtandao. Hata seva ikizimwa, kidhibiti hubaki macho, maadam waya wa umeme umechomekwa. Kazi yake ni kumwezesha fundi aliye mbali, mathalani Nairobi, kuiwasha seva iliyo Mombasa, kuizima, kutazama joto lake, na kuibadili mipangilio bila kupanda gari. Kampuni ya Dell hukiita iDRAC, Hewlett Packard Enterprise hukiita iLO, na wengine wana majina yao. Kampuni za Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC zilitoa kanuni za kwanza za lugha ya vidhibiti, IPMI, mwaka 1998, na mwaka 2015 ikatolewa kanuni mpya inayoitwa Redfish.

Basi mwaona uzuri wake, na mwaona hatari yake. Mtu aliye na kidhibiti ni kama mtu aliyesimama mbele ya seva yenyewe na ufunguo mkononi. Hana haja ya kupita kwa askari wa mlangoni.

Ninyi mnaolima kwa mfereji mnalijua jambo hili kuliko mimi. Mfereji una mlango wa maji, na mmekubaliana ufunguliwe kiasi gani na siku gani. Mtu akija usiku akauinua mlango shubiri moja tu, asubuhi shamba la chini limekauka na la juu limefurika. Hakuna aliyemwona. Kila mmoja anamtazama jirani yake. Ugomvi huanza hapo, na ugomvi huo hukaa mwaka mzima.

Sasa nitawaeleza kisa nilichokiona mimi mwenyewe, mahali pamoja pa kazi ambapo sitapataja, wala jina la mtu sitalitaja.

Palikuwa na seva kadhaa katika chumba kimoja. Usiku mmoja umeme ulikatika kwa muda, kisha ukarudi. Taa ziliwaka, feni zilianza, seva zote ziliamka isipokuwa moja. Nayo ndiyo iliyokuwa na kazi ya watu. Asubuhi watu walipanga mstari na kazi haikwenda mpaka karibu adhuhuri. Mafundi walipofungua kidhibiti wakakuta mpangilio mmoja umebadilishwa. Mpangilio huo ndio unaoiambia seva la kufanya umeme ukirudi. Zamani ulisema, "Washa." Sasa ulisema, "Baki umezimwa." Kidhibiti huandika matukio yake ndani ya daftari lake mwenyewe, na daftari likasema mpangilio ule ulibadilishwa siku mbili kabla, saa nne na dakika kumi usiku.

Wakatafuta nani alikuwa zamu saa nne usiku siku ile. Alikuwa ndugu yetu mmoja, mtu mpole, baba wa watoto wanne. Zamu yake iliisha saa tano. Akaitwa, akaambiwa, "Wewe ndiwe." Akasimamishwa kazi. Hakuambiwa mpaka lini.

Mwakilishi wa chama alikwenda kuuliza. Alikuwa mzee wa kazi, hana elimu kubwa ya kompyuta, lakini aliuliza swali moja la mtu wa reli. Aliuliza, "Saa ya mashine hiyo ni saa ngapi sasa?" Fundi akafungua, akasoma. Kisha wote wakatazama saa ya ukutani. Saa ya kidhibiti ilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Haikuwa mbovu. Ilikuwa imewekwa katika saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa hiyo saa nne na dakika kumi ya mashine ilikuwa saa saba na dakika kumi ya usiku kwetu. Na kitabu cha askari wa mlangoni kilionyesha kuwa ndugu yetu alitoka saa tano, akatia sahihi.

Alirudishwa kazini baada ya wiki tatu. Mshahara wa wiki hizo ulichelewa miezi miwili, na mtoto wake mmoja alikaa nyumbani muhula huo kwa sababu ya karo. Hakuna aliyemwomba radhi.

Je, ni nani aliyebadilisha? Hatukujua, na hatutajua. Watu kumi na mmoja walikuwa wakiingia katika kidhibiti kile kwa jina moja na neno la siri moja. Baadhi yao ni mafundi wa nje waliokuja kwa mkataba na kwenda zao. Daftari la mashine liliandika jina lilelile kwa kila mtu. Lakini jinsi kosa lilivyoingia tuliijua baadaye. Palikuwa na mashine ya majaribio pembeni, ambayo ilipangwa ibaki imezimwa umeme ukirudi, ili isile umeme bure. Mtu alichukua nakala ya mipangilio yote ya mashine ile, akaipakia kwenye seva ya kazi, bila kuisoma. Labda alitaka kuharakisha tu. Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Lakini alinakili, na kosa likanakiliwa pamoja na mengine.

Ndugu zangu, katika kisa hiki mna mafunzo manne. Nitayasema moja moja.

La kwanza ni nakala. Vidhibiti vya siku hizi vyaweza kutoa mipangilio yake yote katika faili moja, na faili hiyo yaweza kupakiwa katika seva nyingine kumi au mia. Ni jambo jema sana. Mtu akizipanga seva mia kwa mkono, atakosea katika tatu au nne. Lakini sisi wa reli tunajua habari ya kipimo. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ile mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 ina milimita 1,435. Genge la wafanyakazi hupima kwa fimbo ya kipimo. Fimbo ikiwa sawa, kila mahali patakuwa sawa. Fimbo ikiwa imepinda, kila taruma litapigwa mahali pasipofaa, na genge litafanya kazi ya bidii sana ya kuharibu njia. Faili ya mipangilio ni fimbo ya kipimo. Kwanza isomwe na watu wawili. Ijaribiwe kwenye seva moja. Ndipo ipelekwe kwa nyingine.

Tena, yako mambo ambayo hayafai kunakiliwa. Kila seva ina anwani yake ya mtandao, jina lake na cheti chake. Mkinakili anwani, seva mbili zitagombania nyumba moja, na zote mbili zitapotea. Programu za kunakili huwa na njia ya kuacha vitu hivi nje, lakini sharti aliye kazini aichague njia hiyo. Na maneno ya siri yatazamwe kwa uangalifu. Kwa kawaida hayatoki wazi katika faili, lakini yaweza kutoka katika sura iliyosokotwa kwa hesabu, na mwizi mwenye subira aweza kuifumua. Kwa hiyo faili hiyo isiachwe katika kompyuta ya kila mtu, wala isitumwe kwa simu. Itunzwe kama ufunguo wa sefu.

Nakala ina faida nyingine inayomhusu mfanyakazi. Ikiwa nakala iliyokubaliwa imewekwa na tarehe na sahihi, basi kila wiki mtu aweza kuilinganisha na mashine ilivyo. Kama wale wenzetu wangalilinganisha, wangaliona lile neno "Baki umezimwa" siku ya pili yake, kabla ya umeme kukatika. Mtu asingalisimamishwa.

La pili ni kufuli. Katika kibanda cha ishara cha zamani, vyuma vya kuvuta pointi na ishara vimefungamanishwa chini kwa chini. Ukiisha kumpa dereva njia ya kwanza, chuma cha njia ya pili hakivutiki, hata uvute kwa mikono miwili. Aliyetengeneza kufuli lile hakumtukana mtu wa ishara. Alijua kwamba mtu huchoka saa tisa ya usiku. Kufuli lamlinda abiria, nalo lamlinda mtu wa ishara asiwe mwuaji kwa usingizi wa dakika moja.

Vidhibiti navyo vina kufuli. Katika seva za Dell zilizotoka tangu mwaka 2017, iko hali ya kufungwa, inayohitaji leseni yake. Ikiwashwa, mipangilio haibadiliki wala programu ya ndani haisasishwi, mpaka msimamizi aifungue. Lakini angalieni, hali hiyo haizuii kuizima au kuiwasha seva. Wala haimzuii aliye na neno la siri la msimamizi, kwa kuwa yeye aweza kufungua kwanza kisha akabadilisha. Kwa hiyo kufuli bila kutunza ufunguo ni mapambo tu.

Tena uko mlango wa nyuma. Mtu aliye na mamlaka yote ndani ya seva yenyewe, yaani katika kompyuta kubwa, mara nyingi aweza kukiamrisha kidhibiti kutoka ndani, hata kukibadilishia neno la siri, bila kuulizwa neno la zamani. Vidhibiti vingine huruhusu mlango huo ufungwe. Ulizeni kama umefungwa. Na ulizeni pia habari ya waya. Viko vidhibiti ambavyo, waya wake wa pekee usipochomekwa, huhamia vyenyewe kwenye waya wa kawaida wa seva, na hapo vinaonekana na watu ambao havikukusudiwa kuonekana nao. Boma lenye miiba pande tatu si boma.

La tatu ni neno la siri. Kwa miaka mingi seva za Dell zilitoka kiwandani na jina root na neno calvin, na za Supermicro zilikuwa na ADMIN kwa jina na ADMIN kwa neno. Dunia nzima iliyajua maneno hayo. Huko Marekani, jimbo la California lilitoa sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2020 ya kukataza vyombo vya mtandao kutoka kiwandani vyote na neno moja. Lakini mashine za zamani bado zinafanya kazi, na pengine iko moja karibu nanyi.

Mwaka 2013 mtaalamu mmoja, Dan Farmer, alionya kwamba katika kanuni ya IPMI mtu aweza kukiomba kidhibiti ile sura iliyosokotwa ya neno la siri, nacho kitampa kabla hajathibitisha kuwa yeye ni nani. Udhaifu huo umo katika kanuni yenyewe, haukuwa kosa la fundi. Mwaka 2017 Hewlett Packard Enterprise ilitangaza dosari katika iLO ya nne, na mwaka uliofuata wachunguzi wakaonyesha kuwa mtu aliweza kuipita kwa kuandika herufi A mara ishirini na tisa. Na mwezi wa Juni 2025 idara ya Marekani ya usalama wa mitandao, CISA, iliweka dosari ya programu ya vidhibiti ya kampuni ya AMI katika orodha ya dosari zinazotumiwa na wavamizi kweli. Kwa hiyo neno la siri peke yake halitoshi. Programu ya kidhibiti isasishwe, na kidhibiti kisiwekwe kamwe katika intaneti ya wazi. Kiwe na mtandao wake, mbali na ule wa ofisi.

Wenye shaka nawakumbusha Julai 2023, mtandao wa serikali wa eCitizen uliposhambuliwa. Shambulio hilo halikuwa la vidhibiti. Lilikuwa la kuumiminia mtandao maombi mengi mpaka ushindwe kujibu. Lakini hata ununuzi wa tiketi za treni ulivurugika siku zile. Mliona jinsi kazi ya watu wengi ilivyo juu ya mashine chache.

La nne ni daftari, nalo ndilo letu hasa. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza, hata kazi ya mtu yaweza kupotea hivyo. Jina moja likitumiwa na watu kumi na mmoja, hapo pana washukiwa kumi na mmoja na hakuna shahidi hata mmoja. Tena sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 ina adhabu nzito. Kuingia katika mashine bila ruhusa kwaweza kumpatia mtu faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mfanyakazi aliyekopesha neno lake la siri kwa rafiki ameweka shingo yake mahali pabaya.

Sasa, tufanye nini? Nashauri chama kipeleke mambo haya mezani kwa waajiri, kwa adabu na kwa maandishi.

Kila mfanyakazi anayeingia katika kidhibiti awe na jina lake na neno lake la siri, na akiacha kazi jina hilo lifutwe siku hiyohiyo. Mafundi wa mkataba vivyo hivyo.

Nakala ya mipangilio iliyokubaliwa itiwe sahihi na watu wawili na kutunzwa mahali pa salama.

Mashine ifungwe wakati wote. Ikifunguliwa, iandikwe katika kitabu nani ameifungua, saa ngapi, kwa ajili gani, na ilifungwa tena saa ngapi.

Saa za vidhibiti zote zilingane, na ijulikane wazi kama ni saa ya Afrika Mashariki au saa ya dunia. Nakala ya daftari la matukio ipelekwe katika mashine nyingine, ili anayeharibu asiweze kufuta nyayo zake.

Na la mwisho, mtu asiadhibiwe kwa ushahidi wa neno la siri la watu wengi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama mahali hapo. Na kifungu cha 43 chamtaka mwajiri aithibitishe sababu yake. Likariri jambo hili. Ukiitwa ofisini, usiende peke yako, wala usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Pengine mwajiri atasema kufuli na vitabu vitachelewesha kazi. Mjibuni kwamba vitachelewesha kwa dakika tano. Seva ile iliyobaki imezimwa ilichelewesha kazi asubuhi nzima, na ilimchelewesha mtu mmoja wiki tatu.

Na ninyi nanyi, ndugu zangu, tusiwe watu wa kudai tu. Nimeona kwa macho yangu neno la siri limeandikwa kwa kalamu juu ya karatasi na kubandikwa kwenye mlango wa kabati la seva. Aliyelibandika ni mmoja wetu. Alisema ni kwa ajili ya wa zamu ya usiku. Ukirudi kazini kesho, itazame hiyo kabati. Ukikuta karatasi kama hiyo, iondoe, mwambie msimamizi neno libadilishwe, na uandike katika kitabu kwamba umesema, na saa uliyosema.

Yule ndugu yetu bado yupo kazini. Siku hizi kila akitoka zamu hutazama saa ya ukutani, hutazama saa ya mashine, kisha huandika zote mbili kabla ya kutia sahihi. Wenzake walimcheka mwanzoni. Sasa wanaandika vivyo hivyo.

Umoja ni nguvu.